Jina Lililokwama Kooni

Mgeni aliingia kanisani na viatu vinavyong'aa, akakaa benchi la mbele kabisa, akanyoosha miguu. Fundi cherehani, mama mtu mzima, alimwona kutoka kwenye viti vya kwaya, akamtambua papo hapo. Si kwamba wakubwa hawasali. Wanasali, tena wengine kwa sauti. Lakini huyu, mkuu wa usalama wa mji mzima, hakuwahi kukanyaga hapa tangu ahamishiwe mjini, na leo, Jumapili ya kwanza baada ya mwalimu kuchukuliwa, ndipo alipokumbuka kuwa ana Mungu.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza kwa nini zahanati imefungwa na dawa zimepelekwa wapi. Swali lenyewe hata mtoto angeliuliza. Kesho yake gari lisilo na namba likasimama mlangoni pake, na tangu hapo hajulikani alipo. Mtaa ukafyata mkia. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Basi watu walitia maji mpaka yakafurika.

Sasa, kanisa hili lina desturi yake. Wakati wa maombi, anayeongoza hutaja kwa jina kila aliye taabuni, awe mgonjwa, mfiwa au mfungwa, na baada ya kila jina waumini hujibu, "Bwana, utusikie." Asiyetajwa ni kama ameshazikwa. Na anayeongoza, miaka nenda miaka rudi, ni huyu fundi cherehani.

Jana mama yake mwalimu alikuja kibandani kwake, akasimama kando ya cherehani, kiti akakikataa. Hakulia. Alisema tu, "Mwenzangu, kesho usimruke mwanangu." Fundi akaitikia, nani angekataa? Lakini alipofika nyumbani alimkuta mwanawe wa pekee, dereva wa huyo huyo mkuu, chakula kiko mbele yake hajakigusa. Alikwisha kuambiwa kuwa bosi atakwenda kusali kanisani kwao. Akamsihi mamaye amtaje yeyote ampendaye, hata paka wa jirani, ila si mwalimu.

"Mama, mimi ndiye ninayeendesha yale magari yasiyo na namba," alisema. "Najua yanakwenda wapi."

Mama akakifunika kile chakula.

Basi wakati wa maombi ukafika, akaitwa mbele. Aliwaombea wagonjwa, jina kwa jina, akawaombea wafiwa, sauti ikitoka nyembamba kama uzi. Waumini wakajibu kila mara. Akaanza, "Na kwa ajili ya..." Ulimi ukagoma. Mgeni alikuwa akimtazama kwa utulivu, hana haraka. Fundi aliogopa, jamani, na asije mtu kudanganya kuwa yeye asingeogopa. Aliogopa hadi akahisi meno yanamuuma. Mtu akakohoa.

Halafu kanisa zima likajibu, "Bwana, utusikie."

Labda yalikuwa mazoea tu, midomo imeshazoea kujibu. Labda sivyo. Fundi hakujua, ila alimwona mama yake mwalimu ameinamisha kichwa, na aibu ikamchoma kuliko woga: watu walikuwa wameubeba mzigo alioutua yeye. Akafunga maombi kwa amina, akarudi kwenye viti vya kwaya.

Ibada ilipokwisha, mgeni alisimama mlangoni akiwasalimia watu. Zamu ya fundi ilipofika, mgeni akaukamata mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mama, umeomba vizuri," alisema kwa upole. "Ila pale uliponyamaza, ulikuwa unamwombea nani?"

Nyuma ya mgeni, kando ya gari, mwanawe alikuwa akitikisa kichwa polepole, macho yamemtoka. Jibu lilikuwepo, jepesi, la mwanamke wa umri wake: nimesahau, baba, uzee huu. Wangecheka kidogo, angeachiwa, na mwanawe angelala.

Akalitaja. Jina la mwalimu kwanza, likitoka kwa kukwaruza. Kisha la baba yake. Kisha la ukoo, yote, kwa sauti waliyoisikia hata waliokuwa bado ndani.

Mgeni hakukunja uso. Aliendelea kutabasamu, na mkono wa fundi hakuuachia.