Mapatano ya Wilf na Alban

Wako wanaosema siasa ni mchezo mchafu, kisha wananawa mikono na kwenda zao kulala. Mimi sikunawa. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtu wa kukusanya kura za Barra Cove kwa ajili ya chama chetu, na kazi hiyo niliijua kuliko nilivyomjua mke wangu, naye aliniambia hivyo siku alipoondoka. Jimbo letu ni dogo, wapiga kura elfu mbili na mia chache. Nilimjua kila mmoja: nani wetu, nani wao, nani hubadilika kwa chupa ya ramu, na nani huinywa ramu yako kisha akampigia mwenzako. Nilihitaji kalamu, orodha ya majina na gari lenye mafuta.

Wawili tu sikuwahi kuwahesabu, Wilf Mooney na Alban Cheverie.

Wilf alikuwa wetu tangu tumboni mwa mama yake. Alban alikuwa wao, vivyo hivyo. Mashamba yao ya viazi yamepakana. Zamani, siku ya uchaguzi, theluji ya mwisho inayeyuka, magari yao yote mawili yalikwama kwenye tope jekundu la barabara ile ile, kila mmoja akienda kupiga kura. Wakasukumiana magari saa nzima. Gari la pili lilipotoka, Alban akiwa na tope mpaka kwenye nyusi akauliza, "Hivi wewe unampa nani?" Wilf akamtajia. Alban akasema, "Na mimi nampa yule mwingine. Sasa tunachafuka hivi kwa nini, bwana? Yako inaiua yangu, yangu inaiua yako. Turudi tukanywe chai."

Wakarudi. Tangu siku hiyo, kila uchaguzi wa mkoa, walikaa meza moja tangu vituo vinafunguliwa mpaka vinafungwa, wakicheza karata, zamu hii kwa Wilf, zamu ijayo kwa Alban. Kwetu mapatano ya namna hiyo si ajabu, hasa kwa mume na mke wasioelewana vyama. Wengi wao hudanganyana. Mmoja huaga anakwenda kununua maziwa, akapitia kituoni. Hawa wawili hawakudanganyana hata mara moja, chaguzi kumi na moja. Mimi yalinikera sana mapatano yao. Nilikuwa naona kura yangu imekaa jikoni inakula mkate wa molasi.

Halafu ukaja mwaka ule. Mtu wetu, Lorne Dockendorff, alikuwa amekaa kwenye kiti vipindi vitatu na shingo ilikuwa imenenepa. Wao wakamleta nesi, Yvette Poirier, aliyepita nyumba kwa nyumba kwa miguu katika mvua. Yvette alikuwa na hoja yake: uchaguzi uliopita watu wanne tu kati ya kumi walitupigia sisi kura, nasi tukachukua viti saba kati ya kumi, basi viti vigawanywe kwa kadiri ya kura za mkoa mzima. Alikuwa anasema kweli, ndiyo maana aliniudhi. Nilihesabu orodha yangu mara tatu, na mara zote tatu tulikuwa sawasawa, bega kwa bega. Alhamisi, siku nne kabla ya uchaguzi, nikaenda kwa Wilf.

Nilijua pa kumshika. Bintiye Noreen alikuwa mshika kibao cha barabarani, SIMAMA upande huu na PITA upande ule, wakati mafundi wanaziba mashimo. Kazi ile hutolewa na serikali, na kwetu serikali huwapa walio wake. Si kazi ya kutajirisha mtu. Lakini wiki kumi na nne za kiangazi ndizo zinazokupa haki ya bima ya wasio na kazi, ya kukulisha majira ya baridi, na asiye na wiki zake hupanda ndege kwenda Alberta, mbali magharibi, kutafuta riziki. Noreen alikuwa na wasichana wawili na hakuwa na mume. Wote watatu walilala ghorofani kwa Wilf.

"Noreen hajambo, mzee?" nikamwambia.

"Hajambo. Usinizungushe, Emmett. Hujawahi kuja hapa kuniamkia."

"Basi sikuzungushi. Yvette akichukua kiti, kibao cha Noreen atakishika mtu wa Yvette. Unalijua hilo."

"Nina mapatano na Alban."

"Alban hana mtoto."

"Ahadi ni deni."

"Na wajukuu ni nini?"

Alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya, lakini ganda likawa linatoka nene.

"Jumamosi kuna kura za mapema," nikasema. "Kule Rollin, kwenye ukumbi wa wazima moto. Nakupeleka, nakurudisha. Jumatatu unakwenda kwa Alban unakaa na karata zako kama kawaida. Damu nzito kuliko maji, mzee wangu."

"Jina langu litapigwa mstari kwenye orodha."

"Orodha ile tunaiona sisi tu."

Huo ulikuwa uongo. Orodha ya waliopiga mapema hupewa vyama vyote, na mimi nilikuwa nimeisoma kila uchaguzi kwa miaka ishirini na sita.

"Na kazi ya Noreen?"

"Niachie mimi."

"Sema vizuri."

"Kazi ni ya Noreen. Nakupa neno langu."

"Neno lako," alisema, akacheka kidogo kwa pua. Lakini Jumamosi nilipopiga honi alitoka amenyoa ndevu na kuvaa koti la kanisani.

Alikaa ukumbini dakika sita. Tulipofika kwake akasema penseli yao ilikuwa butu, akashuka.

Jumatatu jioni walipomaliza kuhesabu, Lorne alikuwa na kura elfu moja na kumi na moja. Yvette alikuwa na elfu moja na kumi. Jaji akahesabu upya, moja moja, mawakili wamemsimamia, na jibu likawa lile lile. Zingelingana, kwetu hurushwa sarafu. Kwa kiti hicho kimoja serikali nzima ya mkoa ilibaki mikononi mwetu. Tulicheza ngoma ukumbini mpaka mbao zikalia, na Lorne akanikumbatia mbele ya watu, akaniita ndugu.

Upande wa pili walikuwa wanatafuta wa kumlaumu, wakampata Alban. Kura moja tu, walimwambia kanisani, na wewe ulikuwa unacheza karata. Mwenye mashine ya kupandia viazi, aliyekuwa akimkopesha kila mwaka, akasema mashine ina kazi. Dukani wanawake waliacha kuzungumza alipoingia. Mzee wa miaka sabini na mitatu akapanda shamba lake kwa mkono. Wilf aliyaona hayo yote ng'ambo ya ua, na kila alipomwamkia Alban, Alban aliitikia vizuri tu, akaendelea na kazi.

Sasa nije kwenye fedha, maana bila fedha hakuna uchaguzi. Sheria yetu inakataza kampuni kuchangia kampeni, na mtu mmoja hawezi kuvusha dola elfu tatu. Sheria nzuri. Preston Ings, mwenye ghala kubwa la viazi, alitoa elfu tatu. Mkewe akatoa elfu tatu. Wanawe wawili wakatoa, wakwe wawili wakatoa, na mama yake wa miaka tisini na mmoja, aliyeko kwenye nyumba ya wazee na asiyejua leo ni Jumanne au Krismasi, naye akatoa elfu tatu kamili. Hati ya mama nilijaza mimi. Tulicheka sana.

Mwanzoni mwa Juni Lorne akanipigia simu. "Emmett, kibao cha barabarani cha Barra Cove mpe Krista, yule mkwe mdogo wa Ings. Anataka wiki."

"Krista ana farasi watatu, Lorne. Anataka wiki za nini?"

"Anataka. Baba mkwe amesema."

"Nilimwahidi Wilf Mooney."

"Wilf si ameshapiga? Na uchaguzi ujao atampigia nani, Yvette? Atakwenda wapi yule mzee? Wetu ni wetu, hatuna haja ya kumnunua mara mbili. Mkono mtupu haulambwi, kaka."

Ningeweza kukataa. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na bunduki kichwani mwangu siku ile, na haikuwapo. Nilipiga simu ofisini mwenyewe, na jina la Noreen likatoka kama lilivyoingia.

Wala hakuna aliyemwambia. Siku ya kwanza ya kazi Noreen alifika barabarani saa moja asubuhi, buti miguuni, kopo la chakula mkononi, akamkuta Krista Ings amevaa kizibao cha rangi ya machungwa na anapigwa picha na mumewe. Msimamizi akasema, "Kizibao ni kimoja, dada." Mafundi wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kwa kuwa walikuwa na kazi. Noreen akarudi nyumbani kwa miguu, kilomita nne. Wiki ile ile akakata tiketi tatu za Alberta.

Wilf alikuja kwangu Jumatano. Hakukaa.

"Twende kwa Alban," akasema.

"Kufanya nini?"

"Noreen anaondoka Ijumaa na watoto. Nikibaki, nabaki na Alban peke yake. Siwezi kuwa naishi ng'ambo ya ua naye hajui. Utakuja, na utasema kwa mdomo wako kwamba wewe ndiye uliyenisukuma."

"Mzee, maji yakimwagika hayazoleki. Mwache Alban alale usingizi wake."

"Vaa viatu, Emmett."

Nilivaa. Sijui kwa nini nilivaa. Labda nilitaka mtu anitukane.

Alban alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa ghala, anakata viazi vya mbegu, kila kipande na jicho lake la kuchipua. Mgongo ulikuwa umempinda kwa kupanda. Alimtazama Wilf, akanitazama mimi, akachukua kiazi kingine.

"Alban, nimekuja kukwambia jambo," Wilf akasema. "Na Emmett ni shahidi."

"Huyu? Basi jambo lenyewe lina kesi."

"Nilipiga kura. Ile Jumamosi, Rollin. Nilikuvunjia mapatano. Waliniambia Noreen atakosa kazi."

"Mimi ndiye niliyemwambia," nikasema. "Nilimbana."

Alban hakuinua macho. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulipiga. Claudette wa chama chetu aliniletea orodha siku ile ya uchaguzi, saa tatu kasoro asubuhi, hujafika bado. Jina lako limepigwa mstari. Akaniambia ingia garini, Alban, twende. Injini inanguruma hapo hapo uliposimama."

Nilifanya hesabu haraka, kwa mazoea. Kura moja ya Alban, na sarafu ingerushwa.

"Sasa mbona hukwenda?" nikauliza.

"Wewe sizungumzi nawe." Akafuta makali ya kisu kwenye suruali, na sasa akamwangalia Wilf. "Nilimwambia Claudette arudi saa sita. Akarudi. Nikamwambia arudi saa kumi. Akarudi. Ukaniuliza yule mwanamke ana nini leo, nikakwambia anauza tiketi za bahati nasibu ya kanisa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ukasema nikununulie mbili."

Wilf alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Nilikuwa nakungoja, Wilf. Nilijua sababu. Noreen nimembeba mimi mgongoni alipokuwa mdogo hivi. Ungesema tu, Alban, nimefanya hivi na hivi, ningekwambia sawa, ngoja na mimi nikapige yangu, tuwe sawa tena, nirudi tumalize karata. Nilikungoja tangu saa tatu asubuhi mpaka saa moja jioni. Uliinuka mwenyewe ukatia birika motoni mara nne. Kila ulipoinuka nikasema sasa, sasa anasema. Ukaniuliza kama nataka maziwa."

"Nilikuwa na aibu, ndugu yangu."

"Najua. Na baadaye wakanipiga mawe ya maneno kanisani, nikasema sasa atakuja. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Nimepanda ekari zangu kwa mkono, na wewe uko pale uani unaniambia habari za asubuhi."

"Sasa nimekuja, Alban. Nimekwambia."

"Umekuja." Alban akakata kiazi, vipande viwili, akavitupa kwenye gunia. "Nikuulize kitu kimoja, na unijibu mbele ya huyu shahidi wako. Noreen angekuwa amepewa ile kazi, angekuwa barabarani leo na kibao chake, wewe ungekuwa umesimama hapa?"

Wilf alifungua mdomo. Nilimngojea aseme ndiyo. Nilitaka aseme ndiyo, hata kwa uongo, mimi niliyewapa watu uongo wa bure siku zote ningemsamehe mmoja. Alban naye alingoja, kisu kimesimama juu ya kiazi, na kwa namna alivyoinamisha shingo nadhani naye aliitaka ndiyo ile.

Wilf akaufunga mdomo. Akavaa kofia yake, akapita kando yangu, akashika njia ya kwake kando ya ua, taratibu, na Alban akarudia viazi vyake.