Mto wa Leodgar

Marehemu mume wangu Leodgar alikuwa mtu wa kuondoka. Ukimtafuta shambani, kaenda Buhemba kuchimba dhahabu ambayo sijawahi kuiona hata rangi yake. Ukimtafuta Buhemba, kahamia Mugango, anasema sasa ni samaki. Tumekaa kwenye ndoa miaka ishirini na sita, na nikijumlisha siku alizolala nyumbani sijui kama inafika miaka kumi. Kwa hiyo alipokufa nililia mpaka sauti ikakauka, lakini moyoni nikajiambia: Getruda, angalau sasa utakuwa unajua alipo.

Kumbe najidanganya.

Alikufa kwa ajili ya sabuni. Usicheke. Mwaka wa themanini na tatu hapa Bugwema sabuni hakuna, sukari hakuna, kanga ukiipata unaificha uvunguni. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Leodgar akaanza kuvusha sabuni za miche kutoka Kenya. Ulipoingia msako wa walanguzi, akasikia gari limesimama kwa jirani, akabeba maboksi yake mawili mchana kweupe na kuyatosa mtoni. Wasakaji walipoondoka, bwana huyo akaingia majini kuyatafuta. Siku nne anazamia kama bata. Akapata miche mitatu na kichomi, na kichomi hakikumpa nafasi ya kufulia hata shati.

Tukamzika juu ya ukingo, pale alipokuwaga anakaa kukata kucha na kupanga uongo wa safari. Toka kaburini hadi ukingoni ilikuwa hatua ishirini, nilizihesabu mwenyewe. Mwaka wa themanini na tano, mwezi wa pili, zilibaki nne.

Mto ulikuwa unamlia ardhi yake. Kila mvua inashuka na bonge, puuu, na mimi nilipo jikoni moyo unashuka nalo. Hasira yangu ilikuwa hii: mwaka huohuo sabuni zilirudi. Soko la Musoma zimepangwa juu ya meza, za kijani, za pinki, zinanukia mpaka barabarani, na hakuna anayemkamata mtu. Mjinga yule angevumilia kidogo tu! Mto ukala sabuni, ukala mume, sasa unataka na mifupa. Mimi nikasema hapana. Nimeachwa na huyu mtu mara nyingi za kutosha.

Nilikwenda kwa shemeji yangu Felisian, mdogo wake marehemu, ambaye pia ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Akakohoa kibalozi.

"Shemeji, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ndiyo maana nimekuja. Tuzibe."

"Suala linashughulikiwa," akasema.

Alilishughulikia kwa kutupa matawi ya miiba juu ya ukingo, pale karibu na msalaba. Mvua iliyofuata ikashuka na bonge pamoja na miiba yote. Nikamwambia tumhamishe basi. Akasema kumhamisha maiti ni fahali mmoja na pombe ya ukoo mzima, na fahali sina, na ukoo wenyewe ukishalewa utamwacha Leodgar njiani.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mwalimu Shani.

Mwalimu Shani alikuwa binti wa fundi cherehani wa Musoma mjini, ameletwa shule yetu mwaka ule. Kiswahili chake kimenyooka, utafikiri kimepigwa pasi. Sisi tunasema "kile kisu yangu", yeye anasimama katikati ya njia kukusahihisha. Chaki hana, vitabu viwili kwa watoto hamsini, lakini ana maneno. Siku moja akawaambia darasa la tano: "Kesho tutatengeneza mto. Kila mmoja aje na kitu kutoka nyumbani."

Elewa kwamba mimi nakusimulia kwa Kiswahili cha mwalimu, lakini hapa kwetu ule wa maji tunauitaga bondeni. "Naenda bondeni", basi. Mto ni kitu cha kulalia. Watoto wakarudi kutangaza kwamba shule inashona mito, na akina mama wakajua ni zile kazi za kujitegemea, wakatoa mito yao mizuri kusudi watoto wasiaibike.

Mjukuu wangu Wegesa hakuniuliza. Nilirudi kutoka kuchimba mihogo nikakuta kitanda kipara. Mto umekwenda!

Mto ule niliushona nikiwa mwari. Foronya nyeupe, nimeidarizi LALA SALAMA kwa uzi mwekundu, herufi ya mwisho imebanana kwa sababu nafasi iliniishia. Leodgar ndiye aliyeulalia, kila alipokumbuka kwamba ana kitanda. Tangu amekufa sijaufua. Mwanzo kwa sababu sabuni hakuna. Baadaye sabuni zikaja, na bado sikuufua. Naomba usiniulize kwa nini, unajua.

Nilifika shuleni na jembe mkononi. Nikamkuta Mwalimu Shani nyuma ya darasa, mikono kichwani, mbele yake rundo la mito kumi na tisa. USIKU MWEMA. KARIBU MGENI. Mmoja umeandikwa WIVU HAUNA DAWA, huo nikajua ni wa Pelagia bila kuuliza.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba ipo nyumbani, nitakuletea. Kwanza mto wangu."

"Mama, nilisema mto. Mto wa maji."

"Na huo wa maji mtoto ataubeba na nini?"

Watoto wakacheka, yeye akajizuia akashindwa, akacheka pia. Hilo likanipunguzia hasira kidogo. Akanirudishia mto wangu kwa mikono miwili, akaomba radhi, halafu akasema, "Ila kwa kuwa umefika, tusaidie kumimina. Mkono wangu umechoka."

Chini pale alikuwa na sinia ya pilau, ile kubwa ya shughuli, ameinamisha upande mmoja kwa tofali. Ndani yake udongo umeshindiliwa, katikati umechorwa mfereji unaopinda kama unavyopinda bondeni kwetu. Juu ya ukingo wamesimamisha gunzi la muhindi, lina msalaba wa vijiti.

"Na hili gunzi?"

Darasa zima likaanza kuangalia vidole vya miguu. Wegesa akasema polepole, "Ni babu."

Lo! Nikaweka mto kwapani, nikashika birika, nikamimina.

Nilidhani maji yatamparamia babu yao. Hayakumgusa. Yalipita chini kabisa, yanalamba, yanalamba, mpaka chini pakabaki shimo na juu pamesimama kama pazima. Gunzi limetulia. Nikasema moyoni, afadhali. Mara ukingo ukakatika, bonge lote likashuka na Leodgar wangu akaanguka majini, akazunguka mara mbili kwenye pembe ya sinia, akatoka zake.

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka. Halafu nikajikuta nimekaa kwenye vumbi nalia, birika mkononi, mbele ya watoto wa darasa la tano.

Mwalimu Shani hakunibembeleza. Alichuchumaa, akaniuliza, "Umeona yameanzia wapi?"

"Chini."

"Na balozi aliweka miiba wapi?"

"Juu," nikasema. "Huyo akili zake zote zipo juu, ndiyo maana kofia haimtoshi."

Akawagawa watoto makundi manne na kuwaambia kila kundi limwokoe babu kwa njia yake. Kundi la kwanza wakajenga ukuta wa kokoto, umenyooka, mzuri. Maji yakapita nyuma ya ukuta, babu akaenda. La pili wakapanda majani tu. Birika moja, majani yakang'oka na mizizi yake, babu akaenda. La tatu wakasuka vijiti, wakagombana, babu akaenda kabla ya maji. Nilimzika na kumfukua mume wangu asubuhi ile mara nyingi kuliko ukoo wake ulivyowahi kuota.

Kundi la Wegesa wakachana kitambaa, wakashona vimfuko vya mchanga, kila kimoja kama kitumbua. Wakavipanga kuanzia mguuni mwa ukingo, kimoja kinabana kingine kama matofali, na ukuta umelala nyuma kidogo, haujasimama wima. Katikati wakachomeka majani. Nikamimina. Babu kasimama. "Tena," akasema mwalimu. Nikamimina mabirika manne mpaka watoto wakaanza kunishangilia mimi, utafikiri nimefunga goli.

"Sasa huo ndio tukaujenge kwa kweli," akasema mwalimu. "Nyuma ya kaburi la mzee hatua thelathini ni darasa la kwanza. Mto ukishammaliza yeye, utaingia darasani. Tunahitaji magunia tu."

Magunia! Mwaka ule gunia lilikuwa la pamba, na lipo ushirika, limefungiwa. Binadamu wa kawaida analionea dirishani. Halafu macho yakaanza kwenda kwenye lile rundo la mito, hakuna anayethubutu kusema.

Aliyesema ni mimi. Mdomo wangu huu. "Foronya ni gunia lililosoma," nikasema.

Mito ya wenzangu niliitoa kwa moyo mweupe kabisa. Akina mama walikuja kugomba, Pelagia mbele, tukawaonesha sinia, tukawaonesha darasa la kwanza wanakosoma watoto wao. Wakagomba tena kidogo kwa heshima ya foronya, kisha wakatoa sufi ndani wakaenda nayo nyumbani. Kumi na nane hazitoshi, basi zikaja suruali zilizochoka, mikono ya mashati, magagulo ya kuvalia ndani ya gauni. Mimi nikaleta suruali tatu za Leodgar. Ukifunga miguuni na kujaza mchanga, suruali inashika vizuri sana, na ya Leodgar ilikaa palepale ilipowekwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mwalimu akatufundisha kushona midomo ya mifuko kwa uzi wa nyavu, kwa mkono wa kifundi, kama baba yake.

Mto wangu mimi ulikuwa kwapani bado. Siku tatu nafanya kazi kwa mkono mmoja. Hakuna aliyeniuliza.

Felisian akaja kukagua, amevaa kofia yake. "Kaburi la kaka yangu linalindwa na gagulo?"

"Ulitaka lilindwe na nini, shemeji? Hotuba?"

"Kitambaa kitaoza hicho!"

"Kitaoza, balozi," Mwalimu Shani akamjibu kwa adabu. "Kikimaliza masika moja kinatosha. Majani ya mabingobingo tuliyopanda katikati yatakuwa yameshika. Baada ya hapo mizizi ndiyo ukuta."

Akaondoka anasema suala litaangaliwa.

Siku ya nne jioni tukafika juu. Mstari wa mwisho, chini ya kaburi kabisa, pakabaki pengo la mfuko mmoja. Tukatafuta. Foronya zimekwisha, suruali zimekwisha, na upande maji yanakotoka mawingu yameshakaa vibaya. Watoto wakalitazama pengo, wakanitazama, wakatazama kando. Wegesa akasema, "Bibi, tunaweza tukaweka jiwe."

"Jiwe litapitisha maji nyuma," nikamwambia. "Hukufundishwa?"

Nikakaa chini. Nikaunusa mara ya mwisho: mafuta ya nywele, tumbaku, na uongo. Bado alikuwamo, jamani. Miaka miwili na bado alikuwamo. Nikatoa sufi, nikatia mchanga kwa mikono yangu, nikashona mdomo mwenyewe, na nikauweka maandishi yakiangalia mtoni. Uchungu niliousikia sikuusikia hata siku ya maziko, maana siku ya maziko nilikuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Masika ikaingia kesho yake. Siku tatu mvua haikupumua. Nilikaa jikoni nasikiliza, nasubiri lile puuu. Nilisikia moja, kubwa, nikaacha ugali motoni, lakini giza na mvua vikanirudisha mlangoni.

Asubuhi ya nne kulipopambazuka nikashuka na Wegesa. Ng'ambo ya pili ukingo umekatika na kuondoka na nusu ya viazi vya Felisian. Mwalimu alishamwonya kwamba maji yakikataliwa huku yatakwenda kule, naye akajibu suala linaangaliwa. Sasa aliliangalia, amesimama kwenye mvua, kofia imelowa.

Upande wetu suruali zimeshika. Magagulo yameshika. Mabingobingo yamelala kidogo lakini mizizi ipo. Msalaba umesimama, na hatua zangu nne zipo, nilizihesabu mara mbili.

Wegesa akanivuta kanga. "Bibi, ona mto wako."

Maji yalikuwa yamefika hadi pale na kurudi. Yalikuwa yameusugua siku tatu mfululizo. Ile rangi ya kichwa chake, lile doa la mafuta, vyote vimetoka. Foronya imetakata, nyeupe vile nilivyoingia nayo kwa wakwe, na herufi nyekundu zinasomeka hadi ng'ambo, hata ile ya mwisho iliyobanana.

Nikakumbuka yale maboksi mawili yaliyobaki majini, kasoro miche mitatu.

"Leodgar," nikamwambia, "sabuni yako imefanya kazi. Sasa lala. Safari hii huendi popote."