Keki ya Tatu

Keki mbili za Kokuberwa zilikuwa zimeungua chini na kubaki mbichi juu. Kwa hasira, mbele ya mama mkwe wake Teodora, akaapa kuigeuza oveni ile mpya ya gesi kuwa kabati la viatu.

“Ulipokuwa ukioka kwa mkaa, makaa mengi uliweka wapi?” Teodora akauliza.

“Juu ya mfuniko, mama. Chini machache tu.”

“Na humu keki uliweka wapi?”

Kokuberwa akainama kuitazama oveni. Alikuwa ameitua chini kabisa, karibu na moto, kama sufuria ya ndizi.

Ya tatu akaiweka kwenye wavu wa katikati, akapunguza moto. Kila aliponyoosha mkono afungue mlango achungulie, Teodora aliupiga kofi.

Keki ikatoka imeumuka, ina rangi ya asali juu na chini.

Teodora akasogeza sahani yake. “Sasa hivyo viatu utaviweka wapi?”