Oloo Bado Hajafika Chini

Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, Nzioka alikagua mambo matatu: maji ya rejeta, upepo wa magurudumu, na kamba ya katani iliyouzuia mlango wa dereva usijifunge. Kamba ikiwa imelegea, aliikaza. Kisha alimsabahi Oloo, ambaye alikuwa akianguka kutoka mlango huo tangu mwaka wa 1998 na alikuwa bado hajafika chini.

"Umeamkaje, Oloo?"

"Niko tu, omera. Baridi ya leo ni mbaya."

Halafu wakatoka kwenda kupeleka mikate.

Lilikuwa gari la zamani, lenye pua fupi na mgongo mrefu, rangi yake ya krimu imeshachujuka. Mlango wa dereva wa magari hayo haukufunguka kwa nje. Uliuvuta kurudi nyuma, nao ukateleza juu ya reli yake kwa mlio ambao watoto wa Kangemi waliutambua wakiwa bado kitandani. Kuna wakati mji mzima ulihudumiwa na magari ya namna hiyo. Ya maziwa, ya magazeti, ya dobi, yote yalipita yakiwa wazi ubavuni, dereva ametoa kiwiko nje, anasalimia huku na huku kama mtu aliyeketi mlangoni kwake. Ukipita Barabara ya Kirinyaga ulivuta harufu ya rangi na vyuma. Ukifika Dagoretti ulipokea ya machinjioni, utake usitake. Siku hizi madereva wanapandisha vioo, hawajui hata jina la mama anayewauzia chai. Jambo hilo lilimuuma Nzioka na hakuona haya kulisema.

Ila tusidanganyane. Milango ile ilipendwa, na iliangusha watu.

Ufundi wa kazi ulikuwa kutosimama. Gari likikaribia kibanda, dereva alipunguza mwendo tu. Mwenzake aliyeketi kushoto alimpitishia mikate, naye akainama nje na kuitia mikononi mwa mwenye kibanda huku gari likiendelea. Dereva aliyesimamisha gari kabisa alichekwa hadi jioni. Oloo hakuwahi kuchekwa.

Mwezi wa Machi mwaka ule, kwenye kona ya kushoto ya kuingilia Kangemi, mwenzake wa kushoto alikuwa Nzioka. Walikuwa wamechelewa. Nzioka akampitishia Oloo mikate minne kwa mpigo badala ya miwili. Oloo akainama kupita kiasi, na mshikio wa mlango, ambao madereva walikuwa wameulalamikia tangu Krismasi, ukang'oka. Mikate mitatu ilifika barabarani. Oloo hakufika. Alibaki hewani, mgongo umeelekea lami, kisigino kiko kiganja kimoja kutoka kwenye kidato, mkate wa nne mkononi. Nzioka akaurukia usukani. Gari likaenda, na Oloo akaenda nalo.

Watu walizoea. Magari yaliyotoka mbele yalimwachia Oloo nafasi, kama wanavyomwachia mtu wa mkokoteni. Wenye vibanda walimuuliza habari za nyumbani. Nzioka ndiye aliyepewa gari.

Muigai, afisa wa wafanyakazi pale kiwandani, alilichunguza jambo hilo kwa makini. Ajali, alieleza, ni pale mtu anapofika chini. Oloo hajafika, kwa hiyo hakuna ajali. Kwa upande mwingine, Oloo alitoka garini saa za kazi bila ruhusa, na katika zile siku saba zinazotakiwa hakupanda ofisini, ghorofa ya pili, kueleza kwa nini. Barua ikachapwa na kupigwa muhuri: ametoroka kazi. Muigai aliishusha mwenyewe hadi uani na kuitia katika mfuko wa shati la Oloo, maana mkono mmoja wa Oloo ulikuwa na mkate na wa pili haukumfikia. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alimsalimia Oloo kwa jina.

Barua hiyo ilimuumiza Milcah, mke wa Oloo, kuliko kuanguka kwenyewe. Kila Jumamosi Nzioka alisimamisha gari kando ya soko la Kangemi, akalisimamisha kabisa, na hakuna aliyemcheka. Milcah alipanda juu ya kreti tupu, akamnyoa mumewe ndevu, akamnywesha uji kwa kijiko, watoto wakamsomea baba yao ripoti za shule. Soko zima liliona. Lakini barua ilikuwa na muhuri. Akina mama wa kanisa walifunga na kuomba ili mume wa Milcah arudi nyumbani, na mume mwenyewe yuko pale, hatua ishirini, ana povu kidevuni. Shemeji zake kule Ugenya walisema hawawezi kumkatia mke wa mtoro mahali pa kujenga, kwa sababu mtoro huenda akarudi na mke mwingine.

Milcah aliomba kitu kimoja tu: barua nyingine, ya kusema kwamba mume wake alikuwa kazini. Kwa miaka sita alipanda ngazi za kiwanda kuiomba.

"Akifika chini, mama, nitaiandika siku hiyo hiyo," Muigai alimwambia kila mara, na alimaanisha.

Madereva wote walikuwa na hakika kwamba mlango ukifungwa, Oloo atafika chini. Hakuna aliyewahi kujaribu. Ndiyo maana ya ile kamba. Nzioka aliendesha na mlango wazi katika mvua za Aprili na ukungu wa Julai, akapata kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na alikiona kikohozi hicho kuwa haki yake. Mikate minne. Angempa miwili tu, wote wawili wangekuwa wamezeeka kwa kawaida.

Mwezi wa Juni 2004 magari mapya yalifika. Yalikuwa meupe, milango inafunguka kwa nje, na usipofunga mkanda kitu kinalia mpaka ufunge. Tangazo likabandikwa: gari la zamani limeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na linakuwa mali yake kuanzia Ijumaa saa sita mchana.

Oloo aliongea na Nzioka wakiwa katika foleni ya Kilimani, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba za bustani na sasa pana kreni.

"Nimesikia gari imeuzwa."

"Imeuzwa."

"Na mimi je?"

"Hawajaandika kitu juu yako."

Oloo alitazama mawingu. Kwa jinsi alivyokaa, hakuwa na pengine pa kutazama.

"Sikiza, Nzioka. Nikianguka Ijumaa jioni, nimeanguka kutoka gari ya mtu wa vyuma. Milcah hiyo barua hataiona. Nikianguka kabla ya saa sita, bado ni gari ya kampuni. Funga hii mlango Ijumaa asubuhi. Hapo uani, Muigai akiona na macho yake."

"Siwezi, ndugu yangu."

"Wewe ndio ulinipea nne."

Kwa miaka sita hakuwahi kulisema. Wala hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekumbusha zamu. Foleni ikasogea, na Nzioka akasogea nayo huku macho yakimlengalenga machozi.

Jumamosi hiyo walimwambia Milcah pamoja, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyethubutu kumwambia peke yake. Milcah hakuacha kunyoa. Alimaliza shavu la kushoto, akafuta wembe kwenye kitambaa, akaenda la kulia.

"Itauma?" aliuliza.

"Kidogo tu," Oloo alisema.

Milcah alijua anadanganywa na akamwachia uongo wake. "Mimi nimezoea kukunyoa nikiwa juu ya kreti, baba Akinyi. Ningekunyoa hivyo mpaka tuzeeke. Lakini watoto wakiitwa shuleni wanaitwa watoto wa mtoro." Akamwangalia Nzioka. "Fungeni. Ila mimi niwepo."

Ijumaa saa nne Milcah alikuwa uani. Muigai alishuka na fomu ya ajali na kalamu mbili, ya pili ni kama ya kwanza ingegoma. Madereva walisimama karibu na magari mapya wakiwa wamevua kofia. Nzioka akafungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa mara nyingi mno, akalikata kwa kisu. Milcah alimshika Oloo shavu, akamwambia jambo kwa Kijaluo ambalo Nzioka hakulielewa wala hakuuliza, kisha akasogea kando.

"Funga, bwana. Muda unaenda," Oloo alisema.

Nzioka akaketi penye usukani, akauvuta mlango. Haukuja. Reli ilikuwa imeshika kutu ya miaka sita. Fundi aliletwa akaimwagia oili, wakangoja iingie, na katika kungoja huko Oloo na Muigai wakazungumza juu ya bei ya sukari. Nzioka akavuta tena kwa mikono miwili. Mlango ukateleza kwa mlio wake ule ule wa zamani, ukafunga.

Oloo akafika chini. Gari lilikuwa limesimama, lakini yeye alifika na mwendo wa kona ya Kangemi, akabiringika uani, akapita katikati ya kreti tupu, akaugonga ukuta wa stoo. Nzioka alipofanikiwa kuufungua mlango, Oloo alikuwa ameshakufa na Milcah alikuwa ameketi chini amekipakata kichwa chake. Nzioka alilia mbele ya watu wote. Hakujifuta.

Muigai alisubiri kwa heshima, kisha akatazama saa yake. "Saa nne na dakika hamsini. Gari bado ni letu. Ajali imetokea."

Milcah akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia miaka sita.

Muigai akaanza kujaza. Tarehe, mahali, hali ya hewa. Alipofika kwenye jina la mfanyakazi kalamu ilisimama. Haikuwa imegoma.

"Hapa pana shida, mama," alisema taratibu. "Fomu ni ya mfanyakazi. Oloo aliacha kuwa mfanyakazi tangu tisini na nane, alipotoroka. Huyu ni mtu wa nje aliyeumia ndani ya kiwanda. Na mtu wa nje haruhusiwi kuwa hapa uani."

Milcah hakupiga kelele. Alikunjua vidole vya mumewe, akautoa ule mkate. Ulikuwa umebonyea upande mmoja na ulikuwa bado wa moto. "Soma hiyo karatasi ya mkate. Soma tarehe. Alikuwa anapeleka mkate wenu."

Muigai alivaa miwani na kusoma jina la kiwanda, kisha tarehe ya Machi 1998. Aliisoma mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu.

"Ni wetu kweli," alikubali. "Lakini muda wake umepita. Mkate wa namna hii sheria hairuhusu ukae kiwandani." Akampa mfagiaji autupe, akampa kwa mikono miwili, kisha akamwambia Milcah pole. Akapanda ghorofani na fomu yake ikiwa tupu kuanzia mstari wa nne.

Saa sita kamili mnunuzi wa vyuma alifika na lori la kuvuta. Magari mapya hayakuruhusiwa kubeba watu wa nje, kwa hiyo yeye ndiye aliyekubali Oloo apelekwe mochari ndani ya lile gari la zamani, maana sasa lilikuwa lake na hakuona ubaya. Nzioka na wenzake walimlaza nyuma, kwenye sakafu ya mikate. Milcah akaketi karibu naye.

Langoni, bawabu Joash aliwasimamisha. Alihesabu waliomo akalinganisha na kitabu cha wageni.

"Wewe uko, mama, uliingia saa tatu na nusu. Huyu hayuko. Mtu hawezi kutoka kama hakuingia. Pole, lakini mimi nikimwachilia nitafutwa kazi."

Milcah aliomba kitabu. Akaandika jina la mumewe kamili, na nambari ya kitambulisho chake, ambayo aliijua kwa moyo. Penye saa ya kuingia aliandika saa kumi na moja alfajiri, Machi 1998. Penye mtu anayekuja kumwona aliacha wazi. Penye sababu ya kuja aliandika: kazi.

Joash alipitisha kidole kwenye mstari huo kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika, akatia sahihi yake, akapiga muhuri wa lango. Kisha akainua kizuizi.

Kitabu hicho kilijaa Jumatano iliyofuata. Pale kiwandani vitabu vilivyojaa hupelekwa kuwashia moto wa tanuri, nacho kikapelekwa. Mikate ya siku hiyo iliiva vizuri, na Nzioka akaipeleka Kangemi.