Tanuri Haliwashwi Kavu

Alhamisi mchana mwashi alimaliza kazi yote, akabaki na mlango. Ulikuwa mlango wa chuma, mzito, wenye bawaba mbili na mpini wa mbao, na aliuegemeza ukutani karibu na mfuko wake wa zana kama mtu aliyeshika mateka. Tanuri lenyewe lilisimama katikati ya kibanda, la matofali ya kuchoma, juu limepakwa udongo laini hadi linang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Kwa siku tano alikuwa akiwasha humo vijiti vichache ili likauke taratibu bila kupasuka. Kilichobaki ni moto mkubwa wa kwanza, mlango, na mikate yangu.

Nikamwambia afunge mlango. Akaniuliza kinywaji kiko wapi.

Nilidhani ana kiu, nikamletea maji. Akanywa, akashukuru, akarudi palepale. Akanieleza, kwa upole kama anayemfundisha mgeni, kwamba kwao tanuri jipya haliwashwi kavu. Mjenzi, mwenye tanuri na mkubwa wa nyumba hunywa pombe kwenye kikombe kimoja, wakipokezana, na tone la kwanza humiminwa mdomoni mwa tanuri. Ndipo moto mkubwa huwashwa na mlango kufungwa. Baba yake alijenga hivyo, babu yake vilevile. Tanuri lililowashwa kavu likija kupasuka, aibu ni ya mjenzi mpaka anakufa. Malipo yake nilikuwa nimeshampa na hakutaka kingine. Alitaka kikombe.

Shida ni kwamba kiwanja ni cha mama mkwe wangu. Kibanda ni chake, geti ni lake, na ufunguo wa geti hulala mfukoni mwake. Katika ukoo wao pombe hainywewi, haibebwi wala haitajwi. Yeye huiita "kile kitu". Mjomba wa mume wangu aliwahi kurudi harusini akinuka kile kitu, na hadi leo, miaka ishirini na miwili baadaye, akija kutusalimia huwekewa kiti nje ya kibanda, mvua inyeshe, jua liwake. Mimi niliolewa pale nikijua masharti, na sikuona ugumu, maana hata kwetu hakuna aliyekuwa akinywa.

Na nilikuwa na Jumatatu inanisubiri. Shule ya bweni iliyo barabara ya pili ilikuwa imekubali kuchukua mikate mia mbili kila asubuhi kuanzia siku hiyo. Tanuri langu la bati lilikuwa limekufa mwezi uliopita, na mwokaji wa upande wa pili wa soko alikuwa ameshapita kwa mkuu wa shule mara mbili kumuuliza kama kweli yule mama ataweza. Nilihitaji Jumamosi nzima nilijue joto la tanuri jipya. Bila mlango, tanuri la mkate ni mahali pa paka kulala.

Nilimjaribu mwashi kwa soda. Alicheka kwa adabu. Nikamshauri basi akanywe huko nje ya geti, akimaliza arudi afunge mlango. Hapo alikasirika, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Dada, unanionaje?" aliniuliza. "Kwenu anayekunywa ni mlevi. Kwetu mlevi ni yule anayekunywa peke yake."

Akanieleza kwamba kwao mtu akipepesuka mbele za watu, kikombe kinamruka mwaka mzima, na watoto wanamtungia jina. Yeye mwenyewe hunywa mara nne au tano kwa mwaka: nyumba ikiezekwa, mtoto akizaliwa, mtu akizikwa, tanuri likiwashwa. Maisha yangu yote nilijua watu wa aina mbili tu, wasiokunywa na walioharibika. Huyu alikuwa amepanga matofali zaidi ya elfu bila moja kwenda upande, akifika kila siku kabla sijafungua kibanda. Sikujua nimweke fungu gani.

Ijumaa nilimpelekea mama mkwe habari hiyo. Mume wangu alikuwa amekaa pale na sisi, lakini nilipofika kwenye neno "kikombe" alikumbuka kwamba tairi la gari linahitaji kutazamwa, na akaenda kulitazama hadi chakula cha jioni.

Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchagua mchele wake.

"Mwambie fundi wako," akasema, "kile kitu kikiingia getini, tanuri linatoka."

"Mama, lile tanuri lina uzito wa tani mbili."

"Basi litatoka polepole."

Jioni hiyo nilichanganya chachu kwenye ndoo, kama ninavyofanya siku zote: unga, maji, hamira kidogo, nikaifunika kwa kitambaa chenye maji ilale hadi asubuhi. Sikuwa na mpango wowote. Chachu haingoji watu wapatane, ndiyo maana niliichanganya.

Jumamosi alfajiri mwashi alikuja. Hakugusa mlango. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akasema amekuja kulitazama tanuri kama lina ufa. Nyuma yake akaingia mama mkwe na kikombe chake kikubwa cha chai, akaweka kiti mlangoni mwa kibanda na kukaa. Hakusema amekuja kufanya nini, lakini aliutazama mfuko wa zana wa mwashi kama askari wa mpakani. Wakasalimiana vizuri sana.

Mimi nikawa napakaza makopo mafuta. Makopo arobaini, na hakuna pa kuyapeleka.

Ndoo ya chachu ilikuwa karibu na goti la mwashi. Kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati, kimevimba, na usiku ulikuwa wa joto. Nikamwona amegeuza kichwa. Akanusa mara moja, akanusa tena. Akashika pembe ya kitambaa, akaifunua, akaingiza uso wote ndani ya ndoo. Alipoutoa alikuwa na unga kwenye ncha ya pua na furaha usoni.

"Dada, hii ni nini?"

Nikamjibu ni chachu ya mkate.

"Hii ni pombe," akasema. "Unaitengeneza hapahapa, halafu mimi unaninyima kikombe."

Mama mkwe aliweka chai yake chini.

Ningeweza kusema kwamba fundi ana mafua. Mwashi mwenyewe, nadhani, alipoona uso wa mama mkwe angekubali haraka kwamba ana mafua. Lakini somo hili nilifundishwa miaka miwili chuoni na kulifanyia mtihani, na sijaona bado uongo unaoumua mkate. Nikafuta mikono, nikamgeukia mama mkwe.

Nikamweleza kwamba hamira ni kitu hai. Hula sukari iliyomo kwenye unga, na ikila hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni hewa, hiyo ndiyo inayouinua mkate.

"Na cha pili?" akauliza mama mkwe.

"Cha pili ni kile kitu, Mama."

"Kwenye mikate yako."

"Kwenye kila mkate wa hamira. Wangu, wa dukani, hata ule uliokuwa ukila utotoni."

Akahesabu kimoyomoyo. Nilimwona akihesabu.

"Kwa hiyo umenilisha kile kitu miaka kumi na minne."

Nikamwambia nimemlisha mkate. Kile kitu hakivumilii moto. Mkate ukiingia tanurini, joto linakifukuza, kinatoka na mvuke, na mtu akisimama karibu anasikia harufu yake dakika zile za mwanzo.

"Chote kinatoka?"

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza.

"Karibu chote," nikasema. "Kinachobaki hakizidi kile kilichomo kwenye ndizi iliyoiva sana."

Sasa, mama mkwe hula ndizi mbili kila siku, na huzitaka zile zenye ganda jeusi. Ametupiga marufuku kuzitupa. Hata asubuhi ile moja ilikuwa mfukoni mwake, pamoja na ufunguo wa geti, ncha yake inachungulia. Macho ya mwashi yakaenda kwenye ile ndizi. Akaanza kukohoa, akakohoa sana, akageukia ukuta ili amalizie kukohoa huko.

Mama mkwe hakucheka. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akalitazama tanuri kwa muda mrefu. Nilijua kwamba akiinuka sasa hivi na kuingia nyumbani, nimepoteza tanuri, shule na amani ya jikoni kwa pigo moja.

"Hicho kinachotoka," akasema, "kinakwenda wapi?"

"Kinajaa tanurini kwanza. Halafu kinapanda na bomba la moshi."

"Kwa hiyo anayekunywa si mimi. Anayekunywa ni tanuri."

Mwashi alielewa kabla yangu. Akasimama, akavua kofia.

"Bibi," akasema, "hilo ndilo ninaloliomba tangu Alhamisi."

Baada ya hapo walipatana wao wawili, mimi nikiwa nimeshika kopo kama mgeni. Mwashi aliomba kijiko kimoja cha chachu akimimine mdomoni mwa tanuri. Mama mkwe akatoa hukumu kwamba unga wa mkate kuingia tanurini ni kazi yake na hauhitaji ruhusa. Mwashi akakimimina, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao, yakamtosha. Kikabaki kikombe. Alieleza tena kwamba lazima kiwe kimoja na wanywaji wawe watatu. Kilichomo ndani hakukisemea. Alikitazama tu kile kikombe kikubwa chini ya kiti cha mama mkwe.

"Hii ni chai," mama mkwe alimwonya.

"Naiona, Bibi. Muhimu asibaki mtu anakunywa peke yake."

Mama mkwe akanywa, akanipa mimi, nikanywa, nikampa mwashi. Alipiga funda kubwa la heshima, na jicho moja likajifumba lenyewe. Mama mkwe hutia vijiko vitano vya sukari.

"Bibi," akasema alipopata sauti, "hii ina nguvu kuliko ya kwetu."

Hapo mama mkwe alicheka. Sijawahi, kwa miaka yote kumi na minne, kumsikia akicheka kabla ya saa nne asubuhi.

Moto ukawashwa. Wakati kuni zinawaka mimi nilikanda, nikakata, nikapanga kwenye makopo, na unga ukaumuka. Mwashi akakaza bawaba, akapima kwa pimamaji, akaufungua na kuufunga mlango mara kumi ili nisikie kwamba haulii. Tulikomba makaa, tukapangusa sakafu ya tanuri kwa gunia bichi, tukaingiza mikate ishirini ya kwanza. Punde harufu ikaanza kutoka pembeni mwa mlango, kali kidogo, yenye uchachu. Mama mkwe akasogea, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Linakunywa," akasema, kama anayemshitaki mtu.

Mkate wa kwanza aliunusa juu na chini, akaukata mwisho, akautafuna taratibu huku sisi wawili tumesimama kama watuhumiwa. Akakata kipande cha pili. Kisha akaitoa ile ndizi mfukoni, akaigeuzageuza mkononi, akaila pia.

Jumatatu shule ilipata mikate mia mbili, na hadi leo inaipata. Tanuri halina ufa hata wa unywele. Kila alfajiri mama mkwe hupita kibandani, huligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole na kuuliza, "Mlevi kaamka?" Yeye, ambaye hakuwa akitamka hata jina la kinywaji. Majirani wamemsikia, na sasa wateja wanasimama getini kwangu wakiomba mkate wa Mlevi. Mume wangu ana wasiwasi na sifa ya ukoo, kwa hiyo hutazama tairi mara nyingi zaidi.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kutusalimia. Alikuwa ameshaanza kujiwekea kiti nje, kwa mazoea, mama mkwe alipomwita ndani. Akamvutia kiti kando ya tanuri, mahali penye joto zuri, akampa kipande cha mkate.

"Kaa hapo," akamwambia, "na mwenzako."