Siku Saba Juu ya Kilima

Mvua ilipoyabeba madaraja yote mawili, watu thelathini na wanane walikwama kwenye shule ya msingi iliyo juu ya kilima, huko Kinango ndani. Siku ya pili simu zote zilizima. Dama, mpishi wa shule, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo, kwa hiyo walimwachia kazi ya kugawa: kikombe kimoja cha uji asubuhi na kimoja jioni, watoto wakitangulia.

Mwanzoni watu walikuwa na adabu zao. Walichimba choo, wakasalimiana kila kukicha. Waislamu walisali darasa la nne, Wakristo darasa la tano. Munee, mkulima aliyehamia huku kutoka Ukambani, alikuwa ameokoa mbuzi mmoja wa maziwa. Kadzo, mama mwenye mtoto mchanga, alipokaukiwa maziwa, Munee alimkamulia mtoto huyo bila kuombwa.

Siku ya nne uji ulikuwa maji meupe tu. Vikombe vilianza kuibwa. Watu wakaacha kwenda chooni, wakamaliza haja zao nyuma ya madarasa, na hakuna aliyemkemea mwenzake. Wanaume walilala na panga ubavuni.

Siku ya sita, Sanga, kijana mchoma makaa, aliupekua mzigo wa Munee akakuta konzi ya njugu.

"Mtu wa kuja huyu!" alipiga kelele. "Anakula kwa siri, sisi tunakufa!"

Watu wakamzunguka Munee. Yeye aliishika kamba ya mbuzi wake kwa mikono miwili.

"Mkimchinja leo," alisema, "mtoto atakunywa nini kesho?"

Watu wakazidi kusogea. Dama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuja kuwaamua, ndivyo alivyojiambia hata baadaye. Lakini alipomwona yule mbuzi, mate yalimjaa mdomoni. Aliuinua mwiko akampiga Munee kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia. Kamba ikaachiliwa.

Mbuzi alichinjwa bila bismillahi wala sala. Nyama haikungojewa iive. Dama alikula ini.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua hadi kifuani. Munee alifunga mkono wake kwa kitambaa, akamwambia Kadzo, "Tukikaa hapa mtoto atakufa." Wakaingia mtoni, Kadzo amemweka mtoto kichwani kwenye beseni, Munee akimtangulia kupima kina kwa miguu. Waliobaki walitazama wamekaa. Walikuwa wameshiba, na wamechoka.

Jioni boti ilikuja. Munee ndiye aliyewaelekeza waokoaji.

Dama alimkuta kwenye kambi ya waathiriwa mjini Samburu, huko huko Kinango, amekaa mkekani, mkono umefungwa plasta.

"Ndugu yangu, mtoto je?"

"Ananyonya chupa. Mama yake amelala."

"Nimekuja kwa ajili ya mkono wako. Niwie radhi."

Munee aliupakata mkono wake.

"Nimechoka, Dama," alisema. "Njoo siku nyingine uniombe. Leo sina nguvu za kusamehe, wala za kukasirika."

Dama alitikisa kichwa kukubali, akaenda kupanga foleni ya chakula. Sanga alikuwa mbele yake, ameoga, amevaa shati la msaada. Aligeuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Dama aliitikia, akaangalia chini.