Jina la Mjomba Kwenye Daftari la Balozi

Mama alikosea kitu kimoja: alifunga mlango wa uani mchana.

Mtaani kwetu, hapa Tabora mjini, mlango wa uani haufungwi mpaka magharibi. Ukiufunga mchana, majirani wanajua una mgonjwa mahututi au msiba ambao hujautangaza. Mama aliyajua hayo, lakini alikuwa amemficha kaka yake chumba cha nyuma, na hofu ikamsahaulisha. Siku ya tatu Mwanahawa wa nyumba ya pili akabisha na chupa ya uji wa mgonjwa. Siku iliyofuata, Jumamosi asubuhi, akaja Mzee Sabiri, seremala, balozi wetu wa nyumba kumi, na daftari lake la wageni kwapani.

Mjomba Melkiori alifika Jumatano kwa treni ya Kigoma, na begi moja. Nilimjua kwa picha tu. Aliingia Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa Burundi, mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa bibi, akakulia huko, akalima tumbaku. Vita vilipozuka tena Burundi, akavuka kwenda kupigana. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mkataba wa amani uliposainiwa, alituambia, wenzake walishuka mlimani, wakaweka bunduki chini, wakaandikwa majina. Yeye alikuwa na jeraha mguuni, akachelewa njiani. Wiki mbili baadaye watatu kati ya walioandikwa walifuatwa majumbani. Hawakuonekana tena, wala haikujulikana nani aliwachukua. Mjomba akaitupa bunduki yake mtoni, akakimbilia Kongo, akachoma mkaa miaka ishirini akitumia majina ya watu wengine.

"Wewe si unafundisha historia," aliniambia Alhamisi nilipompelekea chai. "Vita vile viliisha lini?"

Nikamtajia mwaka wa mkataba.

"Na nani alisaini kwa niaba yangu?"

Darasani huwa naandika ubaoni kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe huisha upande mmoja ukishindwa na kujisalimisha, au pande zote zikikubaliana. Wanafunzi wananakili. Hawajawahi kuniuliza habari za mtu aliyebaki njiani.

Alituonya kwamba jina lake likiandikwa popote, atarudi Kongo siku hiyohiyo. Mama alikuwa amemlilia kaka yake karibu miaka thelathini. Ndiyo maana alifunga mlango.

"Hodi! Hodi wenyewe!" balozi aliita Jumamosi ile, nami nikamfungulia.

"Karibu, balozi. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi?" Mama aliuliza, akiendelea kuchambua maharage kwenye ungo.

"Mama Getruda, ungo mzima huo mnakula nyie wawili? Basi wagonjwa ni nyie."

Akacheka peke yake. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari gotini, na kicheko kikamwisha.

"Mimi sijaja kwa ugomvi. Lakini kuna maneno kwamba mmeficha mwizi humu. Jana vijana wa kijiweni walitaka kuja wenyewe. Nimewazuia. Nimewaambia mgeni yupo, na nimeshamwandika. Sasa mnanifanya mwongo, na leo wataniomba daftari walione."

Mama alinitazama. Nyuma ya pazia la chumba nikasikia zipu ya begi ikivutwa, taratibu, mpaka mwisho. Hakukuwa na njia nyingine ya kutoka chumbani isipokuwa hapa uani. Nikidanganya, vijana watakuja. Nikisema kweli, ataondoka.

"Balozi," nikasema, "niandike mimi."

"Wewe nilikuandika ulipotoka chuoni."

"Niandike tena. Mimi ndiye mwenyeji wake. Mtu akija kumuulizia, aanze na mimi."

Mzee Sabiri akainama mbele, mkono sikioni. "Sema kwa nguvu, mwanangu. Mashine ya mbao imenimaliza masikio."

Sijawahi kupenda kupaza sauti. Hata darasani wa nyuma hulalamika hawanisikii.

"Aanze na mimi!" nilipiga kelele, na kuku wa Mwanahawa wakatawanyika upande wa pili wa ukuta. "Huyo ni mjomba wangu! Atakayemtaka anikute mimi kwanza!"

"Haya, nimesikia. Na mtaa mzima umesikia." Akaandika jina langu. "Na mgeni anaitwaje?"

Pazia likasogea. Mjomba alitoka na begi begani, mikono yote miwili juu, viganja wazi. Ungo ulimponyoka mama, maharage yakamwagika.

Balozi aliitazama mikono ile, akanitazama mimi. Niliogopa angepiga ukunga. Akaligeuza daftari limwelekee mjomba.

"Bwana," alisema polepole, "kwangu mgeni anajiandika mwenyewe. Macho yangu yamechoka."

Akamnyooshea kalamu. Mjomba hakuipokea.

"Daftari hilo linakwenda wapi?"

"Linalala chini ya kitanda changu. Lakini sikufichi kitu. Jumatatu tutakwenda kwa mtendaji wa mtaa, mimi na wewe, na yeye ataleta maswali yake. Hilo siwezi kulizuia."

"Na huyu mtoto?"

"Jumatatu nitakuwepo," nilisema, safari hii bila kuambiwa nipaze sauti.

Mjomba alitazama mlango wa uani. Balozi aliuacha wazi alipoingia, na watu walikuwa wanapita. Mama alikuwa amepiga magoti katikati ya maharage, haokoti. Nilitamani aseme neno, nikaomba asiseme.

Mjomba akashusha mkono wa kulia, akaichukua kalamu, akainama juu ya goti la mzee. Aliandika Melkiori kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kushoto aliuacha juu mpaka alipomaliza.